Baba kwa Sahani, Mwana kwa Filamu: Habari za Ngoma ya Wachopi

Katika nchi ya Msumbiji, upande wa kusini, karibu na pwani ya Bahari ya Hindi, wanakaa watu waitwao Wachopi. Makao yao makubwa ni wilaya ya Zavala, katika jimbo la Inhambane. Ni wakulima kama walivyo majirani zao, lakini sifa yao iliyoenea mbali imetokana na marimba yao, ambayo wao wenyewe huyaita timbila. Mwaka 2005 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, lilizitangaza timbila za Wachopi kuwa miongoni mwa urithi bora wa wanadamu wote.

Muda mrefu kabla ya tangazo hilo, habari za ngoma hiyo zilikuwa zimekwisha kupelekwa duniani na watu wawili wa nyumba moja, baba na mwanawe. Baba, Bw. Hugh Tracey, mtu wa redio, alizipeleka kwa sahani za santuri na kwa kitabu katika miaka ya 1940. Mwana, Bw. Andrew Tracey, alizipeleka kwa filamu mwaka 1973. Ngoma ni ile ile, na wapeleka habari ni damu moja. Lakini namna walivyoifanya kazi yao ilitofautiana, na katika tofauti hiyo yamo mafunzo kwa kila mtu asiyependa nyimbo za kwao zipotee.

NGOMA ILIYO KAMA GAZETI

Ngoma kuu ya Wachopi huitwa mgodo. Msomaji asilichanganye neno hili na mgodi wa dhahabu, ingawa, kama itakavyoonekana mbele, mambo haya mawili yalikuja kukutana. Mgodo hauwi wimbo mmoja. Ni mfululizo wa sehemu tisa, kumi, au zaidi kidogo, zipigwazo moja baada ya nyingine kwa muda wa karibu saa nzima. Kwanza timbila hulia peke yake, na sehemu hizo za kufungulia huitwa mutsitso. Kisha wachezaji huingia uwanjani wakichukua ngao na silaha zao, nao huruka na kupiga miguu chini kwa kufuata wapigaji. Kilele cha mgodo ni sehemu iitwayo mzeno. Hapo wapigaji huteremsha sauti za timbila, na wachezaji huimba polepole, ili kila neno lisikiwe na wote waliohudhuria.

Maneno hayo ndiyo yaupao mgodo uzito wake. Mtungaji wa kijiji hutunga juu ya mambo yaliyowapata watu: misiba, ugomvi wa jamaa, safari za vijana kwenda kutafuta kazi, kodi, na wakubwa wasiotenda haki. Siku za utawala wa Wareno, neno ambalo mtu asingethubutu kulitamka mbele ya mkubwa aliweza kuliimba uwanjani, watu wakacheka, na mkubwa mwenyewe akalisikia bila kuwa na njia ya kumkamata mtu mmoja. Kwa hiyo mgodo ulikuwa gazeti la kijiji, tena gazeti ambalo asiyejua kusoma alilielewa sawasawa na ajuaye.

Jinsi mgodo unavyotungwa ni jambo la kustaajabisha. Mtungaji huanza na maneno. Lugha ya Kichopi, kama lugha nyingi za Kibantu, ina sauti za kupanda na kushuka katika kila neno, na maneno yakisemwa kwa sauti yake sahihi huwa yamekwisha kuonyesha njia ya tuni. Mtungaji huipiga njia hiyo kwenye timbila yake, halafu huitafutia njia ya pili ya kuambatana nayo. Baadaye huwafundisha wapigaji wenzake, na kiongozi wa wachezaji hutafuta hatua zipatanazo. Baada ya miaka michache sehemu za zamani huondolewa moja moja, na mpya hutungwa mahali pake, kama vile gazeti la juma lililopita linavyolipisha la juma hili.

Hapo ndipo palipo na hatari. Gazeti la karatasi likipita, nakala moja huweza kubaki sandukuni mwa mtu. Mgodo ukipita, haubaki isipokuwa katika vichwa vya wazee, na wazee hufa.

BABA AANZIA SHAMBA LA TUMBAKU

Hugh Tracey alizaliwa Uingereza, katika jimbo la Devon, mwaka 1903. Alipokuwa hajatimiza miaka ishirini alisafiri mpaka Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, kumsaidia ndugu yake katika shamba la tumbaku. Hakuja kutafuta nyimbo. Lakini watu aliofanya kazi nao shambani walikuwa Wakaranga, nao walikuwa wakiimba walipofanya kazi na walipopumzika. Kijana yule akajifunza lugha yao, na kwa njia ya lugha akajifunza nyimbo zao.

Mwaka 1929 aliwachukua vijana 14 wa Kikaranga mpaka Johannesburg, ambako watu wa kampuni ya Columbia walikuwa wamekuja na mitambo ya kunasa sauti. Sahani zilizotoka siku zile zilikuwa miongoni mwa za kwanza kabisa kubeba nyimbo za nchi ile. Katika miaka ya 1930 alipata msaada wa fedha kutoka mfuko wa Carnegie kwa ajili ya uchunguzi wake, na huko London watungaji wakubwa wa muziki kama Gustav Holst na Ralph Vaughan Williams walimtia moyo asiiache kazi hiyo.

Kuanzia mwaka 1936 mpaka 1947 aliongoza studio za redio za Shirika la Utangazaji la Afrika Kusini mjini Durban. Mwaka huo huo wa 1936, katika mji huo huo, alizaliwa mwanawe Andrew.

Kutoka Durban alipata nafasi ya kufika Zavala katika miaka ya 1940, akakaa na watungaji wakuu wawili, Katini na Gomukomu. Kwa desturi ya siku zile, mwandishi wa habari wa Kizungu aliyefika penye ngoma ya Waafrika aliandika kwamba watu walipiga kelele nyingi na vumbi lilikuwa tele, kisha akaenda zake. Bw. Tracey alifanya vingine. Aliuliza jina la mtungaji. Aliandika maneno ya kila sehemu kwa Kichopi, na tafsiri yake kwa Kiingereza. Alipima sauti za timbila kwa vyuma vyenye umbo la uma, ambavyo kila kimoja hutoa sauti moja isiyobadilika, akagundua kwamba Wachopi huigawa ngazi ya sauti katika hatua saba zinazokaribia sana kulingana, jambo ambalo kinanda cha kanisani hakiwezi kulifuata. Kitabu chake juu ya wanamuziki wa Kichopi kilichapishwa mwaka 1948, na majina ya Katini na Gomukomu yamo humo, yakitajwa kama watajwavyo watungaji wa mataifa mengine.

Katika kitabu hicho yamo pia maelezo ya jinsi mtoto wa Kichopi anavyofundishwa. Baba humchukua mwanawe wa miaka saba hivi, akamkalisha katikati ya magoti yake mbele ya timbila. Mtoto hushika virungu viwili vya kupigia, na baba huifunika mikono ya mtoto kwa mikono yake mwenyewe, akaendelea kupiga kama kawaida. Mtoto halazimishwi kuelewa chochote. Mikono yake hulegea ikafuata, mpaka siku moja baba aondoapo mikono yake, na ile ya mtoto ikaendelea.

DAKIKA TATU ZA SAHANI

Kupeleka habari za ngoma kwa sahani za santuri kulikuwa na taabu nyingi, ambazo kijana wa leo mwenye simu mfukoni hawezi kuzikisia. Mitambo ilikuwa mizito, ikabidi ichukuliwe kwa lori. Vijijini hapakuwa na umeme, kwa hiyo ilichukuliwa na mashine ya kuutengeneza, nayo ikaegeshwa mbali, na waya mrefu ukavutwa mpaka uwanjani ili ngurumo yake isiingie katika wimbo. Bw. Tracey hakukiweka chombo cha kusikilizia sauti mahali pamoja kikatulia. Alikishika mkononi, akakisogeza kwa mwimbaji wakati wa kuimba, akakirudisha kwa wapigaji wakati wa kupiga, kama vile mtu asimamaye uwanjani anavyogeuza uso wake kule kuliko na jambo.

Lakini taabu kubwa zaidi ilikuwa saa. Sahani ya siku zile ilibeba dakika tatu hivi tu za sauti kwa kila upande. Mgodo wa karibu saa nzima ulipaswa kukatwa vipande, na muda ulipokaribia kwisha Bw. Tracey aliwapa wapigaji ishara ili wafunge. Ngoma nyingi katika sahani zake zinaisha mapema kuliko zilivyoisha kijijini. Tena sahani haina macho. Mtu aliyezisikiliza London au Nairobi alisikia miguu ikitua chini, lakini hakuona ngao ikiinuliwa, wala hakuona mikono ya mpigaji ikipishana juu ya mbao.

Pamoja na hayo, kazi ilikuwa kubwa. Mwaka 1954, kwa msaada wa mfuko wa Nuffield, alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika huko Roodepoort, karibu na Johannesburg. Mfululizo wa sahani kubwa alioutoa, uitwao Sound of Africa, una sahani zaidi ya 200, kutoka nchi nyingi za kusini, katikati na mashariki ya Afrika, pamoja na Kenya, Uganda na Tanganyika. Kila wimbo una kadi yake, na katika kadi mmeandikwa lugha, mahali, majina ya waimbaji, aina ya wimbo na vyombo vilivyopigwa. Karani yeyote ajuaye taabu ya kutafuta faili lisilo na namba ataona faida ya kadi hizo. Sauti isiyo na jina ni kama mtoto aliyeokotwa sokoni: yu hai, lakini hajulikani ni wa nani.

MGODO MGODINI

Jambo jingine lililomfanya Bw. Tracey awajue Wachopi ni dhahabu. Maelfu ya vijana wa kusini ya Msumbiji walikuwa wakienda Afrika Kusini kwa mkataba kufanya kazi katika migodi ya Witwatersrand. Timbila zilikwenda nao. Siku za Jumapili makundi ya makabila mbalimbali yalicheza ngoma zao katika viwanja vya makambi, na Wachopi walikuwa na makundi ya timbila yaliyosifiwa sana. Bw. Tracey aliandika kitabu juu ya ngoma hizo, kilichochapishwa mwaka 1952.

Ngoma za Jumapili zilivutia wageni, nao wageni waliona upande mmoja tu wa mambo. Mtu aliyeketi akipiga makofi aliona wachezaji wenye furaha. Hakuelewa maneno ya Kichopi, na kwa hiyo hakujua kwamba huenda wimbo uliompendeza ulikuwa unalalamikia mshahara au msimamizi. Hapa ndipo ionekanapo faida ya mpeleka habari aliyejifunza lugha. Asiyejua lugha hupeleka kelele; ajuaye lugha hupeleka habari.

MWANA AJIFUNZA KUPIGA

Andrew Tracey alisoma Uingereza katika Chuo Kikuu cha Oxford, kisha akarudi Afrika. Angeweza kukaa penye kadi za baba yake na kuzipanga, nayo ingekuwa kazi ya heshima. Lakini yeye alichagua kuketi chini mbele ya waalimu. Mwalimu mmojawapo alikuwa Jege Tapera wa Rhodesia, fundi wa mbira, yaani kile chombo cha vyuma kipigwacho kwa vidole gumba, ambacho ndugu yake kwa Wagogo wa Tanzania huitwa ilimba. Mwaka 1961 Andrew alichapisha maelezo ya muziki wa Tapera, noti kwa noti, akionyesha kidole gani hupiga chuma gani. Baada ya hapo aliendelea na aina nyingine za mbira, na mwaka 1972 alitoa hoja kwamba mbira nyingi za eneo lile zimetokana na moja ya zamani yenye vyuma vinane tu.

Katika miaka ya 1960 yeye na ndugu yake Paul waliingia katika mchezo wa nyimbo uitwao Wait a Minim!, ambao ulichezwa Afrika Kusini, halafu London, halafu New York. Mchezo ulipokwisha, alirudi katika maktaba ya baba yake akaifanya kuwa kazi yake ya maisha.

Tofauti ya baba na mwana ilikuwa hii. Baba alisikiliza kwa sikio la mtu wa redio: aliuliza wimbo ni wa nani, unasema nini, na utasikikaje kwa watu walio mbali. Mwana alisikiliza kwa mikono. Aliona kwamba mtu aliyeko ukumbini husikia jumla ya sauti, lakini mpigaji husikia sehemu yake mwenyewe na mahali inapoingia kati ya sehemu za wenzake. Mtu aweza kuusikia wimbo mara mia asijue unapigwaje. Mikono ikishajifunza, sikio nalo hubadilika.

FILAMU ZA MWAKA 1973

Basi mwaka 1973 Andrew, pamoja na Mmarekani mpiga filamu Gei Zantzinger, alitoa filamu mbili zilizopigwa kwa Wachopi. Moja huitwa Mgodo wa Mbanguzi, na nyingine Mgodo wa Mkandeni. Kila moja huonyesha mgodo wa kijiji kimoja, tangu timbila za kufungulia mpaka za kufungia. Kitabu cha kufuatana na filamu hizo, chenye maelezo ya ngoma na maneno yake, kilitolewa mwaka 1976.

Yale ambayo sahani haikuweza kuyabeba yamo katika filamu hizo. Zinaonekana timbila zenyewe jinsi zilivyo: mbao za mti uitwao mwenje, mgumu na wenye mlio mkali, zimefungwa juu ya vibuyu vilivyobandikwa kwa nta ya nyuki, na katika kila kibuyu utando mwembamba wa nyama uupao mlio ule mtetemo wake. Wapigaji wa timbila ndogo huketi safu kwa safu. Wa timbila kubwa, zenye mbao chache na sauti nzito, husimama. Wachezaji huonekana wakipokea ishara kutoka kwa wapigaji na wapigaji kutoka kwa wachezaji, hata mtazamaji aelewe kwamba hapana anayemfuata mwenzake kama mtumwa.

Filamu hizo zilitoka kwa wakati wake. Msumbiji ilipata uhuru mwaka 1975. Tangu mwaka 1977 mpaka 1992 nchi ilikuwa katika vita vya ndani, na vijiji vya kusini vilipata mateso makubwa. Watu walitawanyika, na ngoma ihitajiyo kundi kubwa lenye kukutana mara kwa mara haiwezi kustawi katika kutawanyika. Kama mpeleka habari angalingoja miaka michache tu, angalikuta nyanja zina majani.

Hata hivyo Wachopi hawakuzima taa. Mtungaji wao mashuhuri Venâncio Mbande, aliyefanya kazi miaka mingi katika migodi ya Afrika Kusini huku akiongoza kundi lake la timbila, alirudi Zavala katika miaka ya 1990 akafundisha vijana nyumbani kwake mpaka alipofariki mwaka 2015. Andrew Tracey alishirikiana naye kwa muda mrefu. Na huko Quissico, mji mkuu wa Zavala, makundi ya timbila yakaanza kukutana tena katika tamasha liitwalo M'saho.

DENI KWA WENYE NYIMBO

Haifai kumsifu mtu kwa upande mmoja tu. Wapo watu waliotoa lawama juu ya kazi ya Mzee Tracey, na lawama hizo zina msingi wake. Alifanya kazi katika siku za utawala wa kikoloni na wa ubaguzi, akisafiri kwa ruhusa ya serikali zile. Kampuni ya santuri ya Gallo ilimsaidia, na makampuni ya madini yalikuwa miongoni mwa waliotoa fedha. Sahani zilitunzwa Roodepoort, zikauzwa kwa vyuo na maktaba za ng'ambo, lakini watu wengi walioimba hawakupata kuzisikia sauti zao tena. Mtu aliyeimba Kericho au Zavala angewezaje kujua kwamba sauti yake iko katika kabati la mbali, na kwamba mtoto wa Kizungu huko Ulaya anaijua kuliko mjukuu wake mwenyewe?

Mfano mmoja ni wa hapa Kenya. Mwaka 1950 Bw. Tracey alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, akanasa nyimbo za wasichana. Mmojawapo ulikuwa juu ya mtu wa ajabu aitwaye Chemirocha. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sahani zake zilikuwa zimefika huko pamoja na santuri. Wasichana wale, wakisikia sauti isiyo na mwili, walimwimba kama kiumbe nusu mtu, nusu mnyama, nao wakamkaribisha aje acheze nao. Wimbo huo mdogo ulipata sifa nchi za mbali. Huko kwao, ulisahauliwa na wengi.

Hugh Tracey alifariki mwaka 1977. Andrew akashika uongozi wa maktaba, na mwaka uliofuata maktaba ikahamia Chuo Kikuu cha Rhodes huko Grahamstown, mji ambao tangu mwaka 2018 huitwa Makhanda. Akaiongoza mpaka mwaka 2005. Waliomfuata ndio walioanza kulipa deni. Mwaka 2014 maktaba hiyo, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, ilizirudisha nyimbo za Kapkatet kwa Wakipsigis. Miaka 64 ilikuwa imepita, na wengi katika watu waliorekodiwa walikuwa wamekwisha kufariki. Lakini watoto na wajukuu walizipokea sauti za wazee wao.

Nyimbo hizo ziliwezekana kurudi kwa sababu ya zile kadi. Kama mwaka 1950 pasingeandikwa mahali, lugha na majina, hapana mtu ambaye mwaka 2014 angejua aende mlango gani kubisha hodi. Kwa hiyo kazi ya karani, ambayo wengine huidharau, ndiyo iliyolihifadhi deni mpaka likalipwa. Wala haimwondolei mdaiwa lawama ya kukawia.

Andrew Tracey naye alifariki mwezi wa Januari 2024. Kati ya siku ile baba alipowapeleka vijana wa Kikaranga Johannesburg na siku ya kifo cha mwana, ilipita miaka karibu 95 ya kazi ya nyumba moja.

KAZI ILIYOSALIA

Timbila zenyewe bado zina taabu. UNESCO imeonya kwamba mti wa mwenje unazidi kuwa adimu kwa sababu ya kukatwa kwa misitu, na pasipo mwenje hapana mlio ule. Mti huo hukua polepole. Kwa hiyo mkulima wa Zavala apandaye mche wa mwenje leo anamfanyia kazi mpigaji ambaye bado hajazaliwa, na hilo nalo ni deni la baba kwa mwana.

Kwa watu wa nchi nyingine, mafunzo ya habari hii ni mepesi kuyatenda. Siku hizi hapana haja ya lori wala mashine ya umeme. Karibu kila nyumba ina simu iwezayo kunasa sauti na picha kwa saa nzima. Palipo na ngoma, harusi, matanga au tamasha la shule, mzazi na mwanawe waweza kwenda pamoja na kufanya kazi ya wale wawili. Mmoja ashike simu, na mwingine ashike daftari. Katika daftari yaandikwe mambo haya: tarehe, mahali, lugha, jina la mtungaji na la mwimbaji, jina la kila chombo na aliyekitengeneza, na maneno ya wimbo kama yalivyoimbwa, hata yale ambayo mtoto hayaelewi. Hayo asiyoyaelewa amwulize mzee kabla jua halijatua. Wenyewe waombwe ruhusa kwanza, na baadaye wapelekewe nakala, kwa maana wimbo ni mali ya mwenye kuutunga, na anayeunasa ameazimwa tu.

Tena mtoto asiishie kunasa. Apewe ngoma aipige, apewe zeze alishike, akosee na kusahihishwa. Sauti iliyohifadhiwa katika simu hutoweka simu ikiibiwa au ikiharibika. Iliyohifadhiwa mikononi mwa mtoto hutembea naye kila aendako. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wachopi walilijua jambo hilo kabla mgeni yeyote hajafika na mitambo yake, ndiyo sababu walimfundisha mtoto kwa kumkalisha magotini.